Gololi Yenye Kitovu

Kisu cha kukunja kiliingia kwenye saruji kwa urahisi ambao Cyprien hakuutarajia. Ilikuwa saruji ya maskini, mchanga mwingi na simenti kidogo, nayo ilimong'onyoka kama andazi la jana. Alikuwa amepiga goti moja, kofia ameiweka kando, na yeyote ambaye angemwona kwa mbali angesema, mtazame muungwana yule, anamwombea marehemu wake. Gololi ikayumba, ikalegea, ikamdondokea kiganjani ingali na joto la jua. Aliifuta kwa kidole gumba alichokilowesha mate, akaigeuza huku na huku, akaliona kovu alilokuwa akilitafuta. Moyo ukamruka kwa furaha. Aibu ilikuwa bado njiani.

Lakini tusimhukumu mtu kabla ya kumjua. Cyprien alikuwa karani wa bohari bandarini Kisangani, mji ambao Wabelgiji waliuita Stanleyville, nasi tukawaachia jina lao wabaki nalo kwenye bahasha. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, mwenye tai ya Jumapili na viatu vya ngozi vya kung'aa, na bado, jamani, mtu huyo alikusanya gololi. Si za kuchezea. Alikusanya zile za kale, akazilaza kwenye kopo la biskuti juu ya pamba, akazitoa siku za mapumziko na kuziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Wenzako wanakusanya mabati ya kuezekea," mkewe Agathe humwambia, "wewe unakusanya michezo ya watoto. Siku wazungu wakija kukagua kama tumestaarabika, nitawaambia nini? Bon, karibuni, mume wangu yuko chumbani anacheza?"

Cyprien hucheka, lakini kopo hulirudisha mahali pake pa siri, juu ya kabati.

Aliyempa ugonjwa huo ni Waziri, fundi cherehani, ambaye babu yake alikuja kutoka Maniema na misafara ya biashara. Nyumbani kwa Waziri kulibaki gololi kadhaa za zama hizo, zilizokuja pamoja na shanga na vioo vya kujitazamia. "Anza na kitovu," Waziri alimfundisha. "Hizi za dukani kwa Mgiriki, zinazouzwa kwenye vifuko vya wavu, zimetoka mashinini. Laini pande zote, hazina mama. Zile za kijani tupu zilikaa shingoni mwa chupa za soda za zamani. Lakini ya kale ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye ufito wa kioo ungali moto, na pale mkasi ulipopita pakabaki kovu, ndicho kitovu chake. Ukikuta kovu, na ndani ukakuta nyuzi nyeupe zilizosokotwa, basi usiulize bei, ndugu yangu. Shika."

Naye akashika. Ila aliishika mahali pasipo pake.

Siku ile alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga, kumzika mfanyakazi mmoja wa reli. Mazishi yalipokwisha, watu walielekea nyumbani kwa matanga, naye akabaki nyuma akifunga kamba ya kiatu. Makaburi ya pale yalipambwa kwa vitu vya wenyewe waliolala humo: sahani, beseni, taa, birika la chai. Kila kimoja kilikuwa na ufa au tundu. Ndivyo ilivyo desturi, kitu cha marehemu huvunjwa kwanza ndipo kiwekwe kaburini, ili kimfuate mwenyewe, na ili asije mwenye mkono mrefu akakitamani. Kizima ni cha walio hai.

Katikati ya vigae hivyo vyote, kwenye kaburi fupi chini ya msalaba wa mbao, palikuwa na kitu kimoja kizima. Gololi. Nyuzi nyeupe zilisokotana ndani yake, na mstari mwekundu ukazizunguka kama uzi wa damu.

Tamaa haikosi wakili. Jua litaipasua, alijiambia Cyprien. Itachokolewa na mtoto mtundu, itapotelea kwenye majani, hakuna atakayejua ilikuwa nini. Afadhali mimi. Msalabani paliandikwa jina kwa lami. Cyprien, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma majina kwenye masanduku kuanzia asubuhi hadi jioni, hata yale ya Kiflamandi yanayovunja ulimi, jina hilo hakulisoma. Aliyapitisha macho pembeni yake, akafungua kisu.

Waziri alipoiona, aliacha kukanyaga cherehani.

"Mungu wangu! Umeitoa wapi?"

"Kwa mvuvi mmoja wa Basoko."

"Basi mvuvi huyo hakujua alichokuwa nacho."

"Hakujua."

Waziri aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. "Kuna simenti hapa kwenye kitovu."

"Labda iliokotwa sakafuni," alijibu Cyprien, upesi mno. Waziri alimtazama kidogo, akamrudishia, akaendelea kushona. Cyprien alirudi nyumbani akaipa nafasi ya heshima kwenye pamba, katikati ya kopo.

Ikaja Siku ya Marehemu, mwanzoni mwa Novemba, na Agathe akataka kwenda Lubunga kulipalilia kaburi la shangazi yake. Cyprien alijitia kuumwa kichwa. Agathe akamwambia kichwa hakipalilii, kinachopalilia ni mikono, nyanyuka. Wakavuka wakiwa na jembe na mishumaa. Makaburini kulijaa watu kama sokoni, huku wakifyeka, kule wakisali, na Cyprien aliinama juu ya kaburi la shangazi akang'oa majani kwa bidii ambayo shangazi mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwahi kuiona kwake.

Ndipo aliposikia ukelele. Aliinua kichwa, akaona ni nani aliyepiga magoti kwenye kaburi lile fupi.

Alikuwa Félicité, Mama René. Aliuza kwanga penye lango la bandari, ule muhogo uliopondwa na kufungwa majanini, pamoja na samaki wa kukaanga. Kwake ndiko Cyprien alikokula kila siku ya kazi. Alimjua kwa sauti, kwa utani, kwa kipande cha samaki cha ziada alichomtilia bila kuombwa. Mwanawe René alipokufa kwa surua, Cyprien alikuwa kikazi Isangi. Aliporudi alitoa rambirambi kama watu wengine, na mahali alipozikwa mtoto hakupauliza.

Mama René alikuwa ametia kidole kwenye shimo. Cyprien akasubiri laana. Alijua inavyoanza, aliyechukua cha mwanangu na asilale, na alijiinamisha kuipokea, kwa maana ilikuwa haki yake.

Mama René akacheka.

"Ameichukua!" alisema, machozi yakimtiririka. "Mutoto wangu ameichukua! Njooni muone! Mama mukwe alinitia jiwe mkononi, akasema vunja. Nikasema siwezi. Alilala nayo kiganjani mpaka siku ya mwisho, nitaivunja namna gani? Wakaniambia, bon, wezi watakuja. Wezi wako wapi? Tazameni tundu hili, dogo hivi, safi hivi. Hapa ni kidole cha mtoto kilichopita. Ameamka, akachukua kitu chake, akaenda kucheza!"

Wanawake wawili watatu walipiga vigelegele. Wengine walitazama chini kwa huruma. Agathe alilia, na katika kulia akautafuta mkono wa mumewe akaushika kwa nguvu, mkono ule ule wa kulia uliokishika kisu. Cyprien alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, maana ardhi ya makaburini ina watu wake.

Laiti angelaaniwa! Laana ina pa kuishia: unakiri, unarudisha, unalipa, unatukanwa, unakwenda zako. Usiku ule ule angevuka mto na kuirudisha. Lakini sasa kurudisha kungekuwa kumwambia yule mama kwamba mwanawe hakuamka, hakucheza, yumo humo humo alimomwacha. Angekuwa amemwibia mara ya pili, na mara hii kitu kisichopimwa kwa kitovu. Kutorudisha nako kulikuwa kuishi na kidole cha mtoto wa mwenzake ndani ya kopo la biskuti. Huku moto, kule maji ya kuchemka.

Akaanza kupitia lango la nyuma la bandari. Akawa halishi tumbo mchana, anashinda na maji. Kopo hakulifungua tena. Wenzake bohari nzima walipomsalimu, "Eh, Papa Cyprien, habari?" alijibu kwa kuangalia viatu vyake, kana kwamba habari zenyewe ziliandikwa humo.

Jumapili moja baada ya misa, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Mama René, amevaa liputa jipya, kitenge cha kujifunga kiunoni, mkononi ana kifurushi cha majani.

"Papa Cyprien, umenikimbia," alisema alipokwisha kukaribishwa kiti. "Njaa yako iko wapi siku hizi? Nilikukosea?"

"Hapana, mama. Kazi tu."

"Nimekuletea kwanga. Na nina ombi. Watu wa bandarini wanasema unazo gololi nyingi, na unazijua kushinda wenye maduka. Lile tundu kaburini limebaki wazi, mvua inaingia. Nataka kumuwekea mwanangu nyingine. Unichagulie."

Agathe alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Eh, leo kopo litafunguliwa! Mimi mke wa ndoa sijawahi kuruhusiwa hata kuligusa."

"Utachagua mwenyewe, mama," alisema Cyprien, na sauti yake aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Akaenda kulitoa kopo. Chumbani aliichomoa ile gololi, akaitia mfukoni. Akafika mlangoni, akasimama. Akarudi. Akaitoa mfukoni, akaiweka juu ya nyingine zote, waziwazi, kisha mkono wenyewe, bila kumwomba ruhusa, ukaifunika kwa zile nyingine. Ushujaa wake uliishia hapo, katikati. Akatoka, akaliweka kopo mezani, akakaa.

Mama René alichagua polepole kama anavyochagua samaki asubuhi. Alitoa ya kijani, akairudisha. Akatoa ya njano. Kisha mkono wake ukasimama. Ukatoka na gololi yenye nyuzi nyeupe na mstari mwekundu, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe, bila kutafuta, mpaka kwenye kovu, kikapapasa chembe ya simenti iliyokuwa bado pale. Nje jirani alikuwa akitwanga. Agathe aliacha kutabasamu.

"Nzuri," alisema Mama René. "Inafanana na ya René."

"Mama René," alianza Cyprien, "mimi ndiye—"

"Lakini siyo." Alimkata bila kupandisha sauti. "Ya René anayo mwenyewe. Si nilisema mbele ya watu wote?"

Akaiweka mezani. Hakuirudisha kwenye kopo; aliiweka juu ya kitambaa cha meza, mbele ya Cyprien, kama anavyomwekea mteja chakula chake. Akatia tena mkono, akatoa gololi ya buluu ya dukani, laini pande zote.

"Nipe hii."

"Chukua iliyo bora, mama," alisema Agathe kwa sauti ndogo.

"Hii inatosha. Ila hii tutaivunja. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga, sikusikia la wakubwa." Akamgeukia Cyprien. "Una nyundo, papa?"

Ilikuwapo. Akaileta. Mama René aliiweka ile gololi ya buluu juu ya jiwe la kizingiti, akarudi nyuma hatua moja.

"Vunja wewe," alisema. "Mkono wangu ulishindwa. Wako labda utaweza."

Cyprien alipiga. Kioo hakikukubali, kiliruka, kikabingirika uani hadi chini ya banda la kuku. Ikambidi akifuate kwa magoti, na suruali ya misa, akipapasa vumbini huku wanawake wawili wamesimama juu yake wakimtazama. Alipokipata alikirudisha jiweni. Machozi yalimjaa, na hakuwa na pa kuyaficha. Akapiga tena, na safari hii kikapasuka.

Mama René alichutama, akaokota kila kipande, hata vile vidogo kama chumvi, akavifunga kwenye pindo la liputa. Akainuka, akajikung'uta magoti.

"Kesho nitakuwekea kwanga," alimwambia. "Pitia lango la mbele. Ukae ule mbele yangu."

Akaenda zake kuelekea kivukoni, wala hakuharakisha. Cyprien alimtazama mpaka kona ikamchukua. Alipoingia ndani, nyundo ingali mkononi, Agathe alikuwa amesimama kando ya meza, mikono ameikunja kifuani, kana kwamba anaogopa kugusa kitu. Mwanga wa dirisha ulipita katikati ya gololi ile nzima, ukaangusha juu ya kitambaa cheupe alama ndogo nyekundu.

"Na hii," aliuliza bila kumtazama, "tutaiweka wapi?"