Nyota Tano za Bwana Sikio

Siku ya nne tangu spika mpya ziingie sebuleni, binti alihamishia madaftari yake jikoni. Kila mwimbaji alipotamka "s", sauti ilichoma kama sindano. Mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupima masikio ya wagonjwa hospitalini, aliomba zirudishwe dukani. Mumewe, fundi cherehani, akaja juu.

"Hizi zimepewa nyota tano!" Akalipigapiga jarida lake. "Bwana Sikio mwenyewe kaandika ni laini kama hariri. Wewe na yeye nani anajua?"

"Mimi nina masikio, baba watoto."

"Na yeye ana jarida."

Yakaishia hapo.

Jumatatu asubuhi, hospitalini kwa mama, akaingia mgonjwa wa makamo, suti imenyooka, uso wa kuchekacheka.

"Binti yangu kanishikia bango nije. Ati simu ikilia sisikii."

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Naandika jaridani. Napima redio na spika, natoa nyota. Wananiita Bwana Sikio."

Moyo ulimlipuka paa mpimaji, lakini kazi ni kazi. Alimvika hedifoni, akampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Milio mizito mzee aliidaka yote. Ilipoanza kuwa myembamba, kidole kikasita. Kisha kikatulia kabisa. Mpimaji akaongeza sauti. Kimya. Akaongeza tena. Akadhani mashine imekufa, akamvua hedifoni na kujivika mwenyewe, na mlio ukamtoboa hadi akaruka kitini. Akambadilishia hedifoni nyingine. Mambo yaleyale.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" mzee aliuliza akitabasamu. "Tunaendelea lini?"

Mpimaji akamvua hedifoni.

"Mzee, nimeshapiga milio kumi na tano."

Akamwonyesha karatasi ya vipimo. Mstari ulikwenda vizuri hadi katikati, kisha ukaporomoka hadi chini. Tabasamu la mzee likayeyuka.

"Tangu lini?"

"Haya hayaji kwa siku moja. Huenda ni miaka mitano, sita."

"Toleo lililopita nilizipa spika fulani nyota tano. Mhariri akasema zinapiga mluzi. Nikamwambia masikio yake hayajasoma." Akazitaja. "Umewahi kuzisikia?"

"Ziko sebuleni kwangu."

"Zikoje?"

"Zinachoma, mzee."

Mzee akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Siri ya mgonjwa haitoki chumbani, kwa hiyo nyumbani mpimaji alimwambia mumewe jambo moja tu: "Chukua wimbo unaoujua kuliko yote. Nenda dukani, geukia ukuta, wakupigie spika tatu bila kukutajia majina. Ukizichagua hizi tena, sitafungua mdomo."

Fundi aliondoka amenuna. Alirudi na spika za nyota mbili. Binti akarudi sebuleni bila kuitwa.

Toleo lililofuata lilipotoka, fundi alilisoma amesimama mlangoni. Ghafla akakaa chini, pale pale sakafuni, macho yamemtoka pima.

"Mke wangu! Bwana Sikio kaandika hasikii! Miaka yote hii! Anatuomba radhi, anasema tukasikilize wenyewe!" Akamwangalia. "Wewe... ulijua?"

Mkewe aliendelea kukunja nguo.

"Soma kwa sauti," alisema. "Yote, tangu mwanzo."