Mtego Usioua

Ester, afisa afya wa kata, alimwamkia kwanza Kanubhai, mwenye duka, kisha akawasha tochi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

Mwanga ulipita nyuma ya magunia katika stoo ya Kanubhai. Vinyesi vya panya vilitapakaa mpaka ukutani. Choroko zilinuka mkojo. Mdalasini wa Kinole, uliolazwa sakafuni bila chaga, ulikuwa umeota ukungu.

"Hivi vyote nachukua, vikateketezwe."

Kanubhai hakubisha. Alikuwa na macho, naye aliona.

"Kwani hutegi?"

Akamwonyesha kitundu chake cha waya. Castory, mbeba mizigo wake wa miaka mingi, akacheka huku gunia li begani.

"Anatega, afisa! Halafu anawavusha mto, anawaachia. Wanatangulia wao kufika nyumbani."

"Morogoro panya wanasomeshwa mpaka wananusa mabomu," Ester akasema. "Wako, mzee, wamehitimu dengu tu."

Kanubhai naye akacheka. Dini yake ilimkataza kuua, na marehemu mkewe, Geeta, alikuwa akiruka hata msururu wa siafu.

"Nafunga duka," Ester akasema. "Weka sumu. Nikikuta pasafi, utafungua."

"Sumu siweki, binti."

"Basi halitafunguliwa."

Watoto wa Kanubhai walikuwa Kanada. Tangu Geeta afariki, sauti za watu alizisikia pale kaunta tu: huyu chumvi, yule sabuni, mwingine anauliza bei na kuondoka. Alilijua hilo vizuri alipokuwa akitazama lori likikata kona na magunia yake. Sumu bado hakununua.

Castory akapata kibarua sokoni. Kanubhai akaendelea kutega, chambo kipande cha chapati. Alinasa wawili, akawavusha mto. Kisha akanasa mmoja. Kisha hakunasa tena. Stoo haikuwa na punje, na jirani alikuwa na mashine ya kusaga.

Ester aliporudi alimulika kila kona.

"Umewafanyaje?"

"Chakula kimekwisha. Wamehama."

Ester akabandua lakiri aliyokuwa ameiweka kwenye mlango wa mbele. "Fungua, mzee. Ila nunua chaga."

Akafungua. Wateja walichungulia rafu tupu, wakaenda duka la pili, walikokwisha kuzoea.

Jioni, kaunta ikiwa haina sauti ya mtu, Kanubhai akaweka chapati mtegoni. Asubuhi aliikuta palepale, imekauka.

Akaitoa, akaweka nyingine.