Kabati la Siku ya Kurudisha

Haya ni kweli tupu, na kama nimeongeza chumvi hata chembe, mgongo wangu usinyooke tena.

Katika mji wetu mdogo kila mwaka kuna Siku ya Kurudisha. Vitu vilivyoazimwa hupelekwa sokoni, na kila nyundo na kila ungo hupigiwa tarumbeta. Aliyekana kitu cha mtu hubebeshwa kitu kizito kuliko vyote nyumbani kwa mdai, akazunguka nacho soko mara tatu. Mdai akionekana hana haki, anabeba mwenyewe.

Fundi cherehani aliisubiri siku hiyo mwaka mzima. Wifi yake aliazima mkasi wake, mkasi wa marehemu mama, kisha akaapa ameurudisha. Tangu hapo fundi alikatia mkasi wa bei rahisi unaotafuna kitambaa kama mbuzi, na kila pindo aliloshona, alimshona wifi humo.

Alichagua kabati la milango mitatu. Wapagazi wanane walilitoa. Wawili mpaka leo wanatembea upande kama kaa.

“Mke wangu, si uchukue hata jiwe la kusagia?” mumewe, mstaafu wa posta, alinong'ona.

“Kwani wewe unawashwa na nini?”

“Siwashwi.”

“Basi sogea, wapite.”

Sokoni wifi hakutetereka. “Wifi yangu, nilimpa kaka mkononi, pale mlangoni kwenu.”

Watu wakamgeukia kaka. Kaka akatazama mawingu. “Sikumbuki.”

“Beba, mama,” fundi akasema kwa upole, kama anayemkaribisha mgeni chai.

Wifi akafungua milango kwanza, apunguze uzito. Lilibaki koti moja tu, la mume, lile alilokataza lisiguswe. Akalikung'uta. Mkasi ukaanguka chini.

Fundi aliujaribu kwenye upindo wa kanga yake. Ukatafuna. Kwenye makali kulikuwa na gundi.

“Umeukatia nini?” akamwuliza mumewe.

“Boksi. La banda la kuku. Kidogo tu.”

Mkasi wa kitambaa ukikata karatasi umekwisha, hilo linajulikana nyumba nzima. Fundi alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akamwomba wifi msamaha, akamkalisha ndani ya kabati kama bibi harusi.

“Mdai ndiye anayebeba,” msimamizi wa soko akakumbusha.

“Najua. Huyu hapa atanibebea.”

Mzunguko wa tatu wifi alikuwa anamenya chungwa humo ndani.

“Kaka, usitikise,” akasema, na maganda yakanidondokea kichwani.