Ukurasa Aliouruka Msomaji

Katika chumba kile cha ushonaji ilikuwa desturi mmoja asome kwa sauti huku wenzake wakishona, na msomaji wao siku zote alikuwa mpiga pindo, mwanamke mwenye sauti tamu na ulimi mkali kuliko mkasi. Akianza kusoma, hata wavivu walisahau kuulizia saa ya chai.

Kitabu walichokipenda kilikuwa cha zamani, karatasi zimegeuka njano, kisa cha mabinti wawili wa sultani walionuniana.

"Huyu mkubwa ni wifi yangu mtupu!" mkata vitambaa alisema kila mara.

"Wifi yako naye ana jumba?"

"Hana hata dirisha la maana, lakini kiburi ndicho hichohicho!"

Mpiga pindo alicheka nao, cheko la juujuu. Yeye na dada yake hawakusemezana tangu walipomzika mama yao, siku mpiga pindo alipomwambia mwenzake mbele za watu, "Hukumuuguza, umekuja kugawana nguo tu." Dada mtu alichukua mkoba wake akaondoka. Naye ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamwachia minofu yeye akala mchuzi. Alikaa mtaa wa pili tu, lakini kiburi hakijui jirani. Mpiga pindo alimtamani dada yake hasa jioni, akiwa jikoni, maana mkono wake bado ulipima chakula cha watu wawili.

Siku moja miwani yake ilivunjika, na mshona vifungo akapokea kitabu. Akasoma jinsi binti mdogo alivyofika mlangoni kwa dada yake, akainua mkono abishe, akaushusha, akarudi zake. Kesho yake mkubwa akahama nchi, wasionane tena hadi kufa.

Vyerehani vikanyamaza.

"Kha! Mbona wewe ulitusomea wamekumbatiana?" mshona vifungo akamgeukia.

Mpiga pindo aliinamisha uso kwa haya. Kila alipofika hapo aliuruka ukurasa ule, akatunga upatanisho wake mwenyewe, na machozi ya furaha juu.

"Nilitaka wapatane," akasema.

"Wa kitabuni, au wewe na dadako?" mkata vitambaa aliuliza kwa upole. "Mficha uchi hazai, mwenzangu. Inuka uende."

Akaenda vivyo hivyo, nyuzi zimemganda kwenye gauni. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika mlangoni hakubaki nalo hata moja. Akainua mkono. Mkono ukawa mzito, ukaanza kushuka wenyewe. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini alimchukia yule binti mdogo wa sultani miaka yote. Aliyeandika kitabu kile alikufa zamani, hakuwahi kumjua mpiga pindo wala ukoo wake, lakini mkono ule aliouandika ulikuwa huu huu. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Akabisha.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi. Mdogo wako."

Akasikia kiti kikisogezwa, kisha pumzi za mtu aliyesimama karibu kabisa, upande wa pili wa mlango.

"Mdogo wangu hapigi hodi kwangu," ile sauti ikasema, ikitetemeka. "Huingia tu."