Tupa Nzima

Tupa ilipita juu ya jino la mnyororo wa msumeno kama kidole kipitavyo juu ya kioo. Alexander Maige aliirudisha, akailenga upya, akaisukuma tena kwa uzito wa bega lake lote. Haikuuma. Ilitoa mlio mwembamba wa kuteleza, na unga wa chuma uliopaswa kumwagika juu ya gazeti alilolitandika chini ya jiriwa haukumwagika. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati, mahali pafanyapo kazi kuliko pengine pote, mikato yake ilikuwa imelala. Paling'aa utepe mweupe, laini, wa urefu wa vidole vinne. Akaiparuza juu ya ukucha wa dole gumba. Ukucha haukuchubuka.

Alikwisha kuifanyia kila hila aijuayo. Aliisugua kwa brashi ya waya. Aliipaka chaki ili isizibwe na vumbi la chuma. Kila aliponoa aliizungusha kidogo kidogo, ipate kuchakaa pande zote kwa kiasi kimoja. Juma lililopita alikuwa akitumia ncha peke yake. Juzi akahamia karibu na mpini, pale ambapo mkono hauna nafasi ya kusukuma zaidi ya upana wa kiganja. Sasa na huko kumelala. Tupa inayonoa minyororo minne kwa siku huishi majuma mawili. Matatu, ikiwa mwenye kuishika ana mkono mwepesi. Hii ilikuwa katika juma la tisa.

Kiwanda hiki cha mbao, pale Mkolani, kilikuwa mali ya umma kwa miaka ishirini. Sasa, katika mwaka huu wa tisini na sita, kilikuwa na mwaka mmoja na nusu mikononi mwa mwenye mali mpya ambaye wafanyakazi hawajapata kumtia machoni. Walichokiona ni matangazo yake. Moja lilibandikwa kwenye mlango wa ghala, limepigwa chapa kwa herufi kubwa: KIFAA KIZIMA HAKIBADILISHWI. La pili liliongezwa chini yake baada ya tupa tatu kuvunjika katika juma moja: MWENYE KUVUNJA KIFAA AMEJIFUKUZISHA KAZI. Okomo, aliyekuwa mnoaji wa pili, alivunja ya kwake mwezi Februari. Siku hizi alikuwa akisukuma mkokoteni sokoni Nyamagana, na nyumba aliyokuwa akikaa katika safu ya nyumba za kiwanda ilikuwa imefungwa kwa kufuli, mchicha wake ukiota mbegu uani.

"Mwangaluka, shemeji!" Sauti ilitangulia mlangoni kabla ya mwenyewe. "Au mtu aliyemwoa dada yangu kwa ng'ombe wenye kikohozi hasalimiwi?"

Alikuwa Masalu, ndugu wa mkewe Maige, mkataji wa magogo tangu zama za shirika la umma. Alikuwa amevaa koti lenye kiraka kipya kifuani.

"Mwangaluka. Wale ng'ombe walikuwa wazima. Walianza kukohoa walipoiona sura yako."

Masalu akacheka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mnyororo wangu u tayari? Ule wa jana, ngosha, ulikuwa ukilamba gogo tu. Nimeusukuma kwa kifua mchana kutwa. Nilipofika nyumbani Evelina akaniuliza, hii michubuko ni ya mwanamke gani."

Maige hakucheka. "Leo usikate mvule. Kata paini."

"Mvule ndio unaosubiriwa. Watu wa boti za sangara wanataka mbao zao kabla ya saa sita, lori lao liko getini. Na nyuma ya lori kuna vijana ishirini wanaoomba kazi yangu. Nimwambie nani kwamba leo nimechagua paini?"

"Basi nipe nusu saa. Nikaombe tupa."

"Nenda. Lakini kaombe kama anayeposa, maana pale ghalani hawatoi kitu kwa macho makavu."

Mtunza ghala, Justa, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwandiko mzuri. Alikipokea kile chuma, akakitazama ncha hadi ncha, kisha akafungua daftari. Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula na kugawanywa safu mbili. Juu ya moja paliandikwa NZIMA. Juu ya nyingine, IMEVUNJIKA. Nyuma ya kichwa chake, katika rafu ya tatu, lilikaa boksi la tupa mpya, kila moja imeviringwa katika karatasi yake ya mafuta.

"Niiandike wapi, kaka Alexander?"

"Imekwisha, dada. Haiumi tena."

"Niiandike wapi?"

"Wewe mwenyewe baba yako alikuwa seremala. Ishike. Itazame."

"Mimi nakuelewa," Justa alisema, huku akilifunika daftari. "Daftari ndilo lisilokuelewa. Nikikupa mpya, jioni nitaulizwa ile ya zamani iko safu gani." Akamrudishia. "Nenda kwa Bwana Chenge. Usiseme nimekutuma."

Meneja Chenge hakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu. Alitoka katika kazi za benki, na mezani kwake palikuwa na faili, chupa ya chai na simu. Maige, aliyemzidi kwa miaka ishirini, alisubiri shikamoo ambayo haikuja, kisha akaamkia yeye kwa habari za asubuhi. Chenge alimwita mzee wangu, akamwacha amesimama.

Alipokwisha kuelezwa alinyoosha mkono, akaipokea tupa, akaisugua mara tatu kwenye ukingo wa meza yake. Vumbi jekundu la mbao likadondoka juu ya faili.

"Si hii inakula?"

"Inakula mbao, bwana meneja. Mnyororo ni chuma."

"Mzee wangu, sisi hapa tuna kiwanda cha nini?"

"Cha mbao."

"Basi."

Maige aliyatazama yale mavumbi. "Ninakuomba uje kibandani kwangu mara moja tu. Nitaipitisha juu ya jino moja, uone kwa macho yako. Mkataji akipewa mnyororo butu hulazimika kuukandamiza. Akiukandamiza, ukakutana na fundo la gogo, msumeno huruka. Unaporuka hauchagui pa kuangukia."

"Nimevisoma vitabu vya shirika lenu," Chenge alisema kwa upole. "Mlikuwa mkibadilisha tupa kila wiki mbili. Zile za zamani zilikwenda wapi? Kwa wahunzi, zikawa visu. Kweli au uongo?"

"Nyingine zilikwenda kwa wahunzi. Lakini zilikuwa zimekwisha."

"Unaona? Mpaka zilizokwisha zilikuwa na kazi." Akapangusa meza kwa kiganja. "Mwisho wa mwezi huu ninatakiwa kupeleka majina sita ya watu wa kupunguzwa. Ninayo matano. Sisemi kitu, mzee wangu. Nakuambia tu hali ilivyo." Akaishika tupa kwa mikono miwili, kama mtu atoaye zawadi, akamrudishia.

Kibandani Masalu alikuwa amekwenda kulipanga gogo. Maige aliibana tupa katika jiriwa, nusu ndani, nusu nje. Tupa ni chuma kigumu lakini hakina uvumilivu. Pigo moja la nyundo, nayo hukatika kama kipande cha barafu. Akaishika nyundo. Kwa pigo hilo angepata tupa mpya kabla ya saa tatu, na mnyororo ungekuwa na meno kabla ya saa nne. Kisha lingekuja lile tangazo la pili. Angeulizwa, naye angelazimika kusema uongo kwamba imekatika yenyewe, na uongo wake ungeonekana katika mkato mbichi kabla hajaumaliza. Akamwona akilini Odeta mkewe akitoa vyombo uani, na kufuli likitiwa mlangoni pa nyumba yao ya kiwanda.

Nyundo ilikaa mkononi mwake muda mrefu. Aliirudisha mahali pake, akafungua jiriwa.

Akanoa kwa kile kipande cha karibu na mpini. Jino lililohitaji kupitiwa mara tatu alilipitia mara thelathini, hata vidole vikamtoka damu viliposuguana na meno ya upande wa pili. Mwisho wake meno yaling'aa. Kung'aa kulikuwa kwa kusuguliwa, makali hayakuwapo.

"Usiusukume," alimwambia Masalu alipokuja kuuchukua.

"Na usipoingia?"

"Usiusukume kwa kifua."

"Basi nitaubembeleza. Nitauimbia." Masalu akauvalisha mnyororo kwenye msumeno, akakaza nati, akaondoka nao begani. Maige alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa: siutoi. Hakulisema.

Mnoaji huujua msumeno kwa sauti. Maige aliusikia ukianza juu, ukashuka, ukawa unanguruma kwa uzito wa kitu kinachovutwa mlimani. Harufu ya mvule ulioungua iliingia dirishani. Alisikia ukipumzishwa, alisikia ukirudishwa. Kisha, ilipokuwa inakaribia saa tano, sauti ilipaa ghafla, nyembamba, huru, kama kwamba hapakuwa tena na gogo mbele yake. Halafu ikazimika.

Alipofika, Masalu alikuwa ameketi chini ameegemea gogo, akilitazama paja lake la kushoto kana kwamba ni la mtu mwingine aliyelisahau hapo. Suruali ilikuwa imechanika kutoka juu ya goti. Watu wawili walikuwa wakimfunga kwa mkanda na koti lake mwenyewe. Akainua macho, akamwona mnoaji wake.

"Kumbe unakata, shemeji," alisema.

Chenge alitoa gari lake dogo bila kusita. Aliagiza tu kwamba kiti kitandikwe nailoni kwanza, nayo ikatandikwa.

Kesho yake saa nne asubuhi, Evelina mke wa Masalu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, kanga yake ikiwa bado na madoa yaliyokauka. Hospitali ilikuwa imempa karatasi ya vitu vya kununua: uzi wa kushonea, glovu, dawa ya sindano, maji ya mshipa. Ndio utaratibu wa siku hizi. Daktari alikuwa amesema mguu utangojewa siku tatu uonekane kama utabaki, lakini vitu vije leo. Maige alipopita akiitwa ndani, Evelina alimshika mkono.

"Shemeji, niombee kwake. Wewe umefanya kazi chini yake."

Ndani, karatasi ya taarifa ya ajali ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Palibaki nafasi moja tupu.

"Swali ni moja tu, mzee wangu. Jana tupa yako ilikuwa nzima, au ilikuwa imevunjika?"

"Ilikuwa imekwisha. Nilikuja hapa nikakwambia."

"Nzima, au imevunjika?"

"Bwana meneja, uliishika kwa mkono wako."

"Niliishika. Na sikusahau ulichoniambia." Chenge aliweka kalamu chini. "Ukitaka niandike kwamba ulijua mnyororo haufai, kisha ukampa mtu akafanyie kazi, nitaandika. Polisi wana jina la kosa hilo. Mimi siku zote nakuepusha, nawe hutaki kuepushwa."

Nje mtu alikohoa. Maige aliitafuta katika kichwa chake ile tupa, ncha hadi mpini. Haikuwa na ufa. Haikupungua hata unywele.

"Nzima," alisema.

Chenge akalijaza neno lile, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Maige alitia sahihi, kisha akausoma mstari uliofuata, uliokuwapo tangu mwanzo: *Kwa kuwa vifaa vyote vilikuwa vizima, ajali hii imetokana na uzembe wa mkataji mwenyewe. Kampuni, kwa huruma yake, itamsaidia matibabu ya juma moja, na yeye na jamaa zake hawatakuwa na dai jingine lolote.*

Alitaka kuirudisha kalamu kwenye karatasi. Chenge alikwisha kuichukua kalamu.

"Mwite mama."

Evelina aliingia ameinama, akapiga goti kidogo kwa heshima. Meneja alimsogezea kijisanduku cha wino. "Pole sana, mama. Weka dole hapa chini, kisha nenda kwa mhasibu, utapewa fedha za vile vitu vya hospitali. Sasa hivi."

Evelina akalichovya dole gumba. Alilipeleka juu ya karatasi, likasimama.

"Mimi sikusoma," alisema. "Lakini shemeji yangu anasoma. Nisomee, shemeji, nijue dole langu naliweka kwenye neno gani."

Chenge hakukataa. Aliegemea kiti, akamtazama Maige, akangoja.

Maige aliiinua karatasi. Alisoma jina la kampuni. Alisoma tarehe. Alisoma jina la Masalu, na namba yake ya kazi, na mwaka alioajiriwa. Akafika kwenye *Kwa kuwa*.

"Endelea, shemeji," Evelina alisema. Dole lake alilishikilia hewani, mbali na kanga, lisichafue.

Maige akarudi juu, akaisoma tarehe tena. Akalisoma tena jina la Masalu, polepole, herufi kwa herufi. Wino wa doleni ulianza kupoteza mng'ao, ukakauka, ukawa kama kovu la zamani.

Chenge akakisogeza kile kijisanduku mbele kidogo.

"Chovya tena, mama."

Evelina akachovya.