Kipotoshi cha Karwirwa

Panga lilipotua mezani, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Karwirwa kilibaki peke yake kando ya kikombe cha chai. Alikitazama kabla maumivu hayajafika.

"Madam, bado uko na tisa," alisema mwanamume mrefu aliyejivika soksi usoni. "Leta karatasi ya mtihani."

"Hakuna karatasi."

Huo ulikuwa ukweli. Karwirwa alisimamia benki ya maswali ya chuo kimoja cha uuguzi hapo Nchiru: maelfu ya maswali ndani ya kompyuta, na siku ya mtihani mashine humchagulia kila mwanafunzi yake. Alimweleza hivyo, akapigwa ngumi ya mdomo. Kwa yule mrefu, mtihani ni karatasi, na karatasi hufichwa mahali. Karwirwa alitema jino.

"Huyu anatuona mafala," mrefu akamwambia mwenzake.

Mwenzake alikuwa mlangoni, kitambaa kimemfunika hadi machoni. Hakuwa amesema neno tangu waingie. Sasa alikwaruza sauti ya kiume, kama mtu mwenye mafua ya kujitungia.

"Hadanganyi. Mwambie tunataka mashina yote na funguo zake."

Mashina. Kwa watu wa Nchiru, shina ni la mgomba. Ni chumba kimoja tu chuoni, cha walimu watano, ambamo sehemu ya juu ya swali iliitwa shina, jibu sahihi likaitwa ufunguo, na majibu ya uongo vipotoshi. Karwirwa ndiye aliyewafundisha. Kati ya hao watano, watatu walikuwa wanawake, yeye mmoja wao, na Mzee Kaburu alitembea kwa mkongojo. Alibaki Gikunda.

Panga likapanda tena. Karwirwa akataja nywila. Maswali huandikwa upya, vidole havioti.

Gikunda alichomeka flashi kwenye kompyuta ya Karwirwa pale nyumbani, akanakili benki nzima. Damu ilikuwa imefika ukingoni mwa meza na kuanza kudondoka sakafuni.

"Na ametujua?" mrefu akauliza.

Gikunda alichukua panga, akamwekea shingoni. "Sisi ni akina nani, madam?"

Jibu sahihi lingemuua. "Sijui" pia lingemuua; lilikuwa jibu la kivivu, mfano wa yale aliyokuwa akimrudishia Gikunda kila wiki ayaandike upya. Mwalimu, alikuwa akimwambia, kipotoshi cha kijinga hakimpati mtu. Kitie ukweli kidogo.

"Nyinyi ni kaka zake Munene," alisema. "Mliapa pale getini mtanimaliza. Hata mkinichinja, mdogo wenu alishikwa na simu kwenye mtihani, na kufukuzwa alistahili."

Munene alikuwa amefukuzwa kweli. Kaka zake walikuwa wameapa kweli, chuo kizima kikisikia.

Kitambaa kikatikisika. Gikunda alikuwa akicheka.

"Umesikia, kaka yake Munene?" akamwambia mrefu, akaondoa panga. Mrefu alimpiga Karwirwa teke la mbavu, mbili zikavunjika, kisha wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake, katika wodi moja ya Nkubu, Karwirwa alimpa koplo Ireri wa polisi jina moja, na sababu yake, akamweleza na uongo alioutoa panga likiwa shingoni. Koplo aliandika, akakuna kidevu.

"Neno tu, madam? Shina? Wakili atanicheka."

"Basi usimtajie Gikunda neno hilo. Mwambie tu nilimtambua."

Gikunda alishikwa akishuka ngazi za chuo. Alijaribu kukimbia, askari mmoja akampiga rungu la goti, na mfupa ukalia hadi kwenye madarasa. Flashi haikupatikana. Kituoni alikaa akishika goti, akakana kila kitu: hakuwa Nchiru jana, hajawahi kuijua nyumba ya Karwirwa, na mambo ya huko ndani hajasimuliwa na mtu yeyote.

"Sawa," Ireri akasema. "Lakini madam mwenyewe anasema alikutambua."

"Mwongo huyo mama," Gikunda akasema. "Si alisema ni kaka zake Munene?"

Ireri aliweka kalamu chini.

"Alimwambia nani hivyo, mwalimu?"