Maharamia Sitini na Mmoja na Mguu wa Njura

Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa nne asubuhi, Luul alikuwa akichomoa waya wa simu ya babake na kuuchomeka nyuma ya kompyuta. Kwa dakika kumi na moja hakuna dereva wa lori aliyeweza kumpata Mzee Burale, naye Mzee Burale alizitumia dakika hizo kusimama mlangoni mwa duka lake la vipuri, mjini Meru, akiitazama barabara kama mtu aliyekosewa adabu. Kompyuta ilikoroma, ikaongea na Nairobi, ikanyamaza. Kisha Luul alirudisha waya wa babake, akawasha mashine ya kuchapa, na barua pepe za watu zikatoka kwenye karatasi moja ndefu yenye vitobo pembeni. Alizikata kwa rula, akaita majina, na waliokuwa kwenye benchi wakasimama kuchukua zao. Ulikuwa mwaka wa 1999 na huo ndio uliokuwa utaratibu.

Njura M'Ikiara alikaa mwisho wa benchi, upande wa mlango, ili mguu wake wa mti upate pa kunyooka. Aliuchonga mwenyewe kwa muringa, mti ule ule wa kuchongea mizinga, na kwa sababu hiyo nyuki wawili watatu walikuwa wakimfuata kutoka kijijini kwake Kiirua hadi mjini na kumngoja nje.

Alikuja kwa ajili ya kitabu. Katika kiwanda cha mbao kilichoko juu ya Kiirua, ukingoni mwa msitu, kulikuwa na kitabu cha wafanyakazi, na ndani yake mstari uliosema kwamba Njura aliajiriwa akiwa na mguu mmoja. Haikuwa hivyo. Mguu wake wa kushoto ulikatwa na msumeno wa meza kubwa tarehe kumi na nne Machi mwaka wa tisini na tano, saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Mstari uliandikwa wiki mbili baadaye, mwenyewe akiwa bado hospitalini, ili kiwanda kisidaiwe fidia. Chini yake alisaini shahidi, Muriuki, mtu wa Kianjokoma kule Embu, aliyekuja kutafuta kazi na kupewa nyumba ya kiwanda. Muriuki ndiye aliyemfunga Njura paja kwa shati lake mwenyewe na kumbeba mgongoni hadi kwenye trekta.

Njura angeweza kuishi na mstari ule. Watu huishi na mambo mabaya zaidi. Lakini muhula uliopita binti yake Karimi, wa darasa la pili, alirudi nyumbani akamuuliza kama ni kweli alizaliwa hivyo. Watoto wa karani wa kiwanda walikuwa wamemwambia shuleni kwamba imeandikwa. Njura aliweka kijiko chini, na chakula cha siku hiyo hakikumalizika. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: mstari ufutwe, iandikwe kwamba alifika pale na miguu miwili.

Luul alimchapia barua kumi na moja kwa kiwanda. Hakuna iliyojibiwa. Alipochoka, alimwandikia binamu yake Abdisalam aliyekuwa Kanada, akamwomba anwani ya watu wenye miguu ya mti, kwa kuwa alisikia kwamba ng'ambo kila jambo lina chama chake. Abdisalam alitafuta, akatuma. Alichotuma ilikuwa anwani ya kundi la watu sitini na mmoja waliopenda mambo ya maharamia. Walikuwa walimu, wauguzi, wahasibu na fundi mmoja wa meno, waliotawanyika katika miji ya baridi, na jioni baada ya kazi waliandikiana vichekesho vya baharini, wakapeana majina ya kutisha, wakabishana juu ya namna ya kufunga kitambaa cha jicho. Abdisalam hakusoma hadi chini.

Njura aliwaandikia kwa heshima. Alijitambulisha, akataja ukoo wake, akasema amepoteza mguu mmoja, na akauliza wenzake waliupoteza wapi.

Ijumaa iliyofuata majibu yalijaza mita nne za karatasi. Mguu wa mmoja ulimezwa na nyangumi. Wa mwingine ulichukuliwa na mzinga wa Wahispania. Mwingine aliupoteza katika mchezo wa karata, na alikuwa na hakika kwamba mwenzake alicheza rafu. Kila barua ilianza kwa mngurumo wa maharamia wa sinema, herufi A moja ikifuatwa na R nyingi, na Luul aliisoma yote kama ilivyoandikwa.

"Hawa watu wako na kifua," alisema Njura. "Waambie wakunywe maji moto na tangawizi."

Luul aliwaambia. Wakampenda papo hapo. Walisema hawajawahi kumpata haramia mwenye kejeli kavu namna ile, wakampa cheo cha kapteni.

Jumapili Njura alisimama kanisani Kiirua wakati wa maombi akataja majina: Kapteni Ndevu za Samaki, Bibi Nanga, Jicho la Shaba, na yule wa karata. Wakristo waliwaombea, na mama mmoja aliyeitwa Ciakuthii alilia kidogo kwa ajili ya yule wa nyangumi.

Ni wiki hiyo mguu wa mti ulipoanza kutoa maji. Yalitoka taratibu kwenye ncha, kama kwenye mfereji usiofungwa vizuri, na yalikuwa ya chumvi. Igoki, mkewe Njura, aliweka beseni chini ya kitanda. Asubuhi aliyachemsha, akapata chumvi ya kutosha sufuria ya githeri, na akaacha kununua ya dukani. Mbuzi walimfuata Njura wakimlamba. Ciakuthii alimleta ng'ombe wake aliyekuwa amekataa kula, ng'ombe akaulamba mguu kwa nusu saa na kurudi nyumbani akiwa na hamu. Baada ya hapo walikuja wengine, na Njura ilimbidi atenge siku mbili kwa ng'ombe na moja kwa kondoo.

"Baba Karimi," alisema Igoki, "hiyo maji mimi sina neno nayo. Lakini hii konokono iko kwa shuka, hiyo nimekataa."

Njura alimbandua, akamtia kwenye mfuko wa koti ampelekee Luul aone.

Barua iliyobadilisha mambo ilitoka kwa Bibi Nanga, ambaye mchana alikuwa muuguzi. Alikuwa amesoma sana, na alipenda kuwaeleza wenzake jinsi maharamia wa kale walivyoishi. Aliandika kwamba kabla ya jahazi kung'oa nanga, mabaharia wote waliandika mkataba na kuusaini. Aliyepoteza mguu kazini aliandikwa jina lake na mguu wake, akatolewa fungu lake kabla ya kapteni mwenyewe kugusa chochote, na hakufukuzwa. Alipewa kazi nyepesi, kama kupika.

Njura alimwomba Luul airudie. Akaomba tena.

"Na hao walikuwa wezi?"

"Wezi wa baharini, mzee. Walikuwa wananyongwa."

"Na walikuwa na kitabu."

"Walikuwa nayo."

Njura alikaa akiangalia nje, ambako Mzee Burale alikuwa bado akiitazama barabara. Halafu akamwambia Luul aandike yote, tarehe, mvua, msumeno, Muriuki, mstari, watoto wa karani. Asipunguze.

Luul aliandika. Alipomaliza hakuituma mara moja. Alikuwa msichana mkweli na jambo lile lilimwasha.

"Mzee, kuna kitu sijakuambia. Hawa watu wako na miguu yao. Wote. Wanacheza tu. Wanapenda hizi hadithi za maharamia, basi."

"Yule wa nyangumi?"

"Ni mhasibu."

Njura alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Aliona haya kwa ajili ya yale maombi, na zaidi kwa ajili ya machozi ya Ciakuthii.

"Tuma," alisema. "Kama wanacheza, wacheze na ya ukweli."

Jumanne hakukuwa na barua hata moja kutoka kwao. Ijumaa ilikuja moja tu. Haikuanza kwa mngurumo. Walisema wamefungua kitabu cha jahazi lao, jahazi ambalo halipo, na wameandika kwamba Njura M'Ikiara alipanda akiwa na miguu miwili, na wa kushoto akaupoteza kazini tarehe kumi na nne Machi. Chini kulikuwa na majina sitini na moja, yale ya kutisha, na mbele ya kila jina la kutisha, jina halisi la mtu na mji wake. Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa imelowa, na Luul aliianika dirishani kwa vibanio vya nguo.

"Hawa wako na miguu yote," alisema Njura, "na wameniamini." Akatoka nje kwa nyuki wake.

Jumamosi kabla ya jua kupanda sana, bahari ilikuja Kiirua. Ilipanda kutoka bondeni hadi mstari wa pili wa viazi vya Njura, ikakaa kama saa moja, ikarudi. Viazi vya mstari wa kwanza viliharibika. Mahali ilipofika iliacha mwani, ndoo moja ya plastiki isiyo ya mtu wa pale, na mguu wa kushoto wa Njura, umesimama wima ndani ya buti la kazi na soksi ya sufu aliyoifuma Igoki. Mwaka ule wa msumeno watu wa kiwanda walikuwa wameutupa kwenye shimo la unga wa mbao, mvua ikausukuma mtoni, na mto ukafanya kazi yake. Ulikuwa mnene kuliko mwenzake, kwa kuwa haukupitia ukame wa miaka ile.

Karimi ndiye aliyeuona kwanza. Aliuzunguka mara moja.

"Baba, si huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi haukuzaliwa hivyo."

"Nilikuambia."

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, walipanda kiwandani wote watatu pamoja na mguu, ambao ulitangulia kwa sababu uliijua njia. Njura alibeba karatasi ya maharamia kwenye bahasha. Karani Antony aliwapokea vizuri, akasogeza kiti.

"Mzee Njura, mimi sikatai kuna mguu," alisema. "Mguu naona. Shida ni kwamba mguu haina kitambulisho. Hii inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Akachukua karatasi, akaipitia kwa kalamu.

"Na huyu Ndevu za Samaki anakaa lokesheni gani? Chifu wake ni nani? Hawa mashahidi wote hawakuwa hapa siku hiyo. Mimi nataka mtu alikuwa hapa."

"Muriuki alikuwa hapa," alisema Igoki.

Muriuki aliitwa kutoka kwenye magogo. Aliingia akijipangusa unga wa mbao, akauona mguu, akasimama. Miaka minne alikuwa akivuka barabara kila alipomwona Njura mbele. Sasa hapakuwa na barabara. Alipiga magoti bila kuambiwa na mtu. Kamba ya buti ilikuwa imefunguka, akaifunga, fundo mara mbili, kwa uangalifu wa mzazi anayemwandaa mtoto kwenda shule. Vidole vya mguu vilichezacheza ndani ya buti, na Muriuki akaviwekea kiganja juu hadi vikatulia.

"Hii soksi ni ya mama Karimi," alisema polepole.

"Muriuki," alisema Antony. "Nakuuliza rasmi. Huu mguu unaujua?" Alikuwa ameshafungua kitabu. "Fikiria vizuri. Nyumba yako ile ya mwisho kwa laini, meneja alikuwa anaiulizia."

Muriuki alikuwa na watoto watatu sekondari, na kule Kianjokoma shamba la babake lilikwisha gawanywa bila yeye. Aliinuka, mikono ikiwa bado imelowa maji ya chumvi.

"Siujui," alisema.

Antony aliandika mstari mpya chini ya ule wa zamani: mguu mmoja umeletwa, hauna mwenyewe. Muriuki akasaini. Maji ya mikono yake yaliacha doa, na Antony akalikausha kwa chaki. Karimi, aliyekuwa amesimama kwa ncha za vidole akisoma kitabu juu chini kutoka upande wa pili wa meza, aliufuata mstari neno kwa neno hadi mwisho.

Njura hakugombana. Alikuwa na hasira, na alijua kwamba akifungua kinywa atasema kitu ambacho binti yake hapaswi kukisikia. Wakatoka.

Muriuki aliwasindikiza hadi getini, mwenyewe, bila kofia. Getini aliangalia nyuma, kisha akaongea haraka, akimtazama Karimi badala ya Njura.

"Ilikuwa tarehe kumi na nne. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba yako alikuja hapa na miguu mbili, alikuwa anatushinda wote kukimbia. Nilimbeba mimi. Alikuwa anaita jina ya mama yake mpaka tukafika kwa trekta."

"Sema hivyo ndani," alisema Njura.

"Ndani siwezi."

"Muriuki."

"Ndani siwezi, Njura."

King'ora cha saa nane kikalia, na Muriuki akarudi mbio, maana aliyechelewa huandikwa kitabuni.